Onyo Lililohamia Mwisho wa Sura

Nyumbani,
Tarehe 14 Agosti.

Mdogo wangu mpendwa, Msomi wa familia,

Salamu nyingi. Hujambo? Vipi wifi na mapacha, na baridi ya huko? Mimi sijambo kimwili. Mama anaendelea vizuri, miguu tu ndiyo inamsumbua. Salamu zimekwisha, sasa keti, maana nina hasira nawe na sina nia ya kuificha.

Ulipokuja likizo nilikupeleka kazini ukawaone mafundi wa lifti ninaowaandikia vitabu vya mafunzo. Bosi alikuwa anatafuta programu ya kuviandikia. Mimi nilishachagua yangu, nyepesi, kila hatua inakaa na picha yake na onyo lake. Wewe, ambaye hujawahi kushika hata bisibisi, ukamwambia hiyo ni ya watoto, huko kwenu watu wazima wanatumia ile kubwa. Nilikuwa nimekaa palepale kama kabati.

Ikanunuliwa. Hiyo programu yako inapenda unadhifu: maonyo yote inayakusanya mwisho wa sura. Nililalamika mara tatu, nikajibiwa, "Lakini mdogo wako si amesoma?"

Njia yangu ya kazi unaijua. Kabla kitabu hakijachapwa nampa mwanafunzi ukurasa, nafunga mdomo, natazama anapokwama. Safari hii bosi alisema hakuna muda, programu inajikagua yenyewe. Nikakiacha kichapwe hivyo hivyo. Hilo ni kosa langu na nitalibeba.

Mwezi uliopita binti tunayemwita Spana, hodari kuliko darasa zima, alifuata hatua ya sita: ingia kwenye shimo la lifti. "Zima swichi kuu kwanza" ilikuwa kurasa kumi na moja mbele. Lifti ikashuka. Alijibana kwenye kona akapona, ila mguu umevunjika mahali pawili.

Nilipomtembelea wodini sikujua nianzie wapi. Akaanza yeye: "Mwalimu, mimi nilifuata kitabu." Nimelia, sikufichi.

Hayo ningeyameza. Kilichonichoma ni barua pepe uliyomwandikia bosi. Amenionyesha mwenyewe, ili nitie sahihi kwamba kosa ni la mwandishi peke yake. Umeandika eti programu ni nzuri, "inategemea mtumiaji." Mtumiaji gani? Huyu aliyekubeba mgongoni? Unajikosha kwa kunipaka mimi matope!

Halafu nikampigia simu wifi. Usimgombeze, yeye hana makuu. Kaniambia hujawahi kuitumia programu hiyo hata siku moja. Uliona tangazo lake uwanja wa ndege.

Sijatia sahihi. Kikao ni Alhamisi. Wakitaka kunifukuza wanifukuze, lakini kitabu cha pili, cha nyaya za umeme, kiko tayari kupelekwa kwa mchapaji na maonyo yamejificha vilevile. Bosi hanisikilizi mimi, anakusikiliza wewe. Kwa hiyo mwandikie kabla ya Alhamisi: "Sijawahi kuitumia." Maneno mawili tu, na elimu yako haitapungua.

Msalimie wifi, wabusu mapacha, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakuombea kila siku. Sijamwambia lolote. Mungu akulinde, akulainishe na shingo.

Spana ameniuliza ni nani aliyeichagua programu ile. Nimemwambia nitamjibu Ijumaa.

Dada yako,
akupendaye, wiki hii kwa taabu.