Mwiko Ulioachwa Mezani

Lindi, Jumapili, katikati ya Agosti 2021

Munywani wangu Ta Josia,

Leo nimehesabu tena. Ni miaka arobaini na saba tangu nipande meli pale Bukoba na sanduku langu la bati, mwalimu kijana aliyehamishiwa kusini "kwa miaka miwili tu". Na ni miezi sita tangu uzikwe Nyanga, kwenye kibanja chako, upande wa migomba. Hesabu ya kwanza nimeizoea. Ya pili naigusa kila Jumapili kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi, aone kama bado linauma.

Kuna hesabu nyingine, uliyonifundisha wewe kwa simu ugonjwa huu ulipoanza kutajwa. Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango, nakaa wima kitandani, navuta pumzi moja na kuhesabu kwa sauti hadi iishe. "Mwalimu," uliniambia, "andika namba yako kila siku. Ikishuka kidogo, kunywa chai, pumzika, hesabu tena. Ikishuka sana, usinipigie simu mimi. Mimi niko mbali na wewe ni mbishi. Nenda hospitali." Jana nilifika ishirini na nne. Leo nimefika ishirini na mbili. Nimekunywa chai. Nimepumzika. Nimehesabu tena nikapata ishirini na mbili ileile, na tangu hapo nimekaa mezani nikikuandikia, kwa sababu sijui mtu mwingine wa kumwambia kwamba ninaogopa namba mbili.

Huku hali si nzuri. Jirani yangu wa ukuta mmoja anakohoa. Kikohozi chake nakifahamu sasa kuliko sauti yake. Akikohoa mara tatu nasubiri ya nne, na isipokuja ndiyo naogopa zaidi. Watu wamerudia barakoa, wengine wanazivaa kidevuni. Wiki iliyopita nilichomwa chanjo. Nilipanga foleni kwenye benchi na wazee wenzangu, mkono wa shati nimeukunja, nikawaza kwamba ungekuwa hai ungekuwa wa kwanza Bukoba nzima, na ungemsahihisha muuguzi namna ya kushika sindano. Nilitoka pale nikilia, muuguzi akadhani nimeumia. "Pole babu, kumbe unaogopa sindano?" Nikasema ndiyo.

Uoga wangu haukuanza juzi. Wewe unajua, na uliutunza kama siri ya mgonjwa. Miaka ile ya themanini, ugonjwa wa kukonda ulipoingia kwetu, tukaupa jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa mpakani, Juliana, kwa kuwa jina la kitambaa halikutisha. Kaka yangu alipougua sikuja. Niliandika kwamba nasimamia mitihani. Mitihani ilikuwa imekwisha. Ulimzika wewe, tabibu wa zahanati ambaye watu wote walimwita Daktari, na barua uliyonitumia haikuwa na lawama hata mstari mmoja. Uliandika tu: "Wiki yake ya mwisho nilikula mwani kutoka mkononi mwake, mbele ya watu, ili waone kwamba mkono hauambukizi."

Mwani. Unakumbuka nilivyokuandikia nilipofika pwani, kwamba huku wanawake wanalima mwani baharini? Ukanijibu kwamba joto limenipanda kichwani. Ilibidi nikueleze kwamba kwa Kiswahili mwani ni majani ya bahari, si kahawa yetu ya kutafuna. Tulicheka kwa barua tatu. Na nilipokosa usingizi kwa kupakumbuka nyumbani, nilikuwa nikitamka neno hilo moja tu, kwa maana yetu: punje zilizochemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa, zikawekwa kwenye kikapu kidogo, mwenye nyumba anachota kwa vidole na kukuwekea mgeni kiganjani kabla hujasema shida iliyokuleta.

Kwa mwani tulifungwa mimi na wewe. Babu yako alitukalisha juu ya majani makavu, tukiwa tumemaliza shule ya kati, akatuchanja chini ya kitovu, akapasua punje moja ya kahawa. Nusu ikapakwa damu yangu ukaimeza wewe, nusu ikapakwa damu yako nikaimeza mimi. Omukago, udugu wa damu: tangu hapo kila mmoja wetu ni munywani wa mwenzake. Mama alipogundua alinifukuza na ufagio hadi kwenye migomba: "Mlutheri gani anakula damu ya mtu!" Lakini hata yeye, tangu siku ile, hakukunyima kitu. Alijua sheria. Neno la munywani halikataliwi.

Ndipo ninapofika mahali nilipokuwa nikipaogopa tangu nianze kuandika.

Ugonjwa huu ulipokuja ulichonga mwiko. Mti mwepesi, mpini mrefu kuliko mkono wako, na mbele umechimbwa kibonde cha kutosha punje tano. Nyumbani kwako Nyanga mgeni aliketi nje, upande wa pili wa ua, nawe ukamfikishia mwani kwa mwiko, ukingoja arudi nyuma kabla hajashusha barakoa atafune. Ulinisimulia maneno ya watu ukiziiga sauti zao. "Daktari, huo ni mwiko au jembe?" "Ta Josia, kwetu ni mwiko kula kwa mwiko!" Na yule mzee wa Hamugembe aliyekushika pabaya: "Miaka ile ulitufundisha mkono wa mgonjwa hauna kosa. Leo mkono wa mzima una kosa gani?" Ukamjibu, "Mzee wangu, magonjwa hayakusoma shule moja. Yule alikaa kwenye damu. Huyu anakaa kwenye pumzi. Nikikuwekea kiganjani, pua yangu na yako zinasalimiana."

Mimi nilicheka, nikakusifu. Nilikuwa mbali, kusifu hakukunigharimu kitu.

Kisha Februari dada yangu Eunike akafa Muleba. Presha, walisema, na ninaamini ilikuwa presha. Mwanawe, Mutalemwa, akanipigia. "Mjomba, wewe ndiye mkubwa uliyebaki. Nani atakaa mlangoni kupokea watu?" Nilimwambia sitaweza kusafiri, safari ni ndefu, kuna ugonjwa, nina umri. Yote yalikuwa kweli. Akasema, "Basi aje munywani wako. Ila mjomba, mwambie asije na lile jembe lake. Watu watasema tumewafanya wenye ukoma kwenye msiba wa mama."

Nikakupigia. Ninayakumbuka maneno yangu yote, sijafaulu kusahau hata moja. Nilisema: "Josia, kaa mahali pangu. Toa mwani kwa mkono wangu. Usinipelekee mwiko kwenye msiba wa dada yangu."

Nilisikia kuku uani kwako. Kisha ukauliza swali moja tu, kwa sauti ile ya zahanati: "Mwalimu, unajua unachoniomba?"

Nikasema najua. Nimesoma vitabu maisha yangu yote, nimefundisha watoto wa watu kutofautisha sababu na kisingizio, na nilijua. Nilijua na nikakuomba, kwa sababu aibu ya kutokuja kwangu ilikuwa inanichoma, nikataka mkono wako uizime.

Ukasema, "Sawa, waitu," kwa heshima ya kikwetu.

Mkeo Loyce amenieleza yaliyobaki. Kwamba asubuhi ya kwenda Muleba uliufuta mwiko kwa kitambaa, ukauweka mezani, ukasema, "Leo siendi kama Daktari. Naenda kama Nathanaeli," ukataja jina langu. Kwamba siku mbili ulikaa mlangoni kwa Eunike na kikapu mapajani, ukampa kila aliyeingia kiganjani, na waliolia wakakulalia begani. Barakoa uliivua mchana wa kwanza, kwa sababu bibi mmoja kiziwi hakukuelewa unasema nini. Mutalemwa anasema msiba ulipendeza. Anasema watu walinitaja vizuri.

Siku ya sita baada ya kurudi ulianza kukohoa. Ukahamia chumba cha nje peke yako, Loyce akawa anakuachia chakula kizingitini. Siku ya tisa, baada ya chakula cha mchana, ulikaa wima kwenye kiti dirishani ukahesabu. Ulifika tisa. Ukamwita mkeo kwa mbali: "Ita gari, si bodaboda. Mwambie afungue vioo vyote. Wewe kaa nyuma, uso nje." Mlipita Hamugembe upepo ukiwapiga, na yule mzee wako alikuwa barabarani akakupungia, nawe ukampungia kama mtu anayekwenda sokoni. Hospitali ulijikabidhi mwenyewe, kama ulivyokuwa ukikabidhi wagonjwa wa wengine: "Tabibu mstaafu, miaka sabini na sita, siku ya nne ya kikohozi, pumzi imeshuka leo. Aliyenileta amekaa nami gari moja, msimwingize humu." Walikupa oksijeni. Walikulaza kifudifudi, nawe ukawa unamwelekeza muuguzi aweke mto wapi. Loyce anasema wauguzi walihangaika na wewe kama baba yao. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, ukawa umekwisha.

Kwenye salamu za rambirambi wakasema ulipata changamoto ya kupumua. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini, sijawahi kuliona neno hilo likibebeshwa mzigo mzito namna ile. Zamani jina la kitambaa, sasa hili. Nami nimejificha humo humo: kwa wiki kadhaa nilikuwa nikijiambia kwamba pengine uliupata kwingine, sokoni Kashai, kanisani, kwa fundi wa baiskeli. Inawezekana. Hakuna aliyepima. Lakini Mutalemwa alinitajia majina ya wazee wengine wawili waliofariki Muleba mwezi uleule, na sikuthubutu kumuuliza walikuwa wamekaa upande gani wa mlango.

Loyce anajua nilichokuomba. Hili ndilo linalonitisha kuliko kikohozi cha jirani. Jumatano alinipigia, sauti yake ileile ya taratibu. "Shemeji, Desemba watoto wote watakuja, tunajengea kaburi la mwenzako. Njoo. Nitakupa mwani mwenyewe, kwa mkono wangu." Amenisamehe, na anataka kuuweka msamaha huo kiganjani mwangu, punje kwa punje, uso kwa uso. Nikasema mtandao unakatika.

Nimefikiri siku nne. Nikija, watakuja wote. Mzee aliyekaa miaka arobaini na saba ugenini hafiki kimyakimya. Watajaa ukumbini Nyanga, kisha Muleba, kila mtu atataka kunishika, na hakuna atakayethubutu kuniletea mwiko, kwa sababu mimi ndiye niliyeukataza. Nami nitakuwa nimetoka safari ya siku mbili kwenye basi, na pumzi yangu ya ishirini na mbili ambayo sijui maana yake. Tena hata nikisubiri, nikifa huku, unajua watakavyofanya. Watanisafirisha. Mhaya hazikwi ugenini, watasema, na jeneza litavuka nchi nzima kutoka kusini hadi ziwani, likisimama kwa kila ndugu, na mlangoni atakaa mtu na kikapu.

Basi sikiliza nilichofanya, ukiwa kama Daktari, uniambie kama nimekosea.

Nimempigia Mutalemwa. Nimemwambia: mimi sitakuja, na neno langu la Februari nalifuta. Desemba mwani utatolewa nje, uani, kwa mwiko wa Josia, na atakayeuliza ni agizo la nani aambiwe ni langu. Alibisha. "Mjomba, watu watacheka." Nikamwambia wacheke, wakicheka wafunike midomo. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe nilimsikia akicheka mwenyewe. Kisha nikampigia Loyce, nikamweleza yote niliyokuandikia hapa, pamoja na mitihani ile iliyokuwa imekwisha. Alilia, nikalia. Akasema mwiko bado uko pale mezani, hakuna aliyeugusa, anaupangusa vumbi tu. Nikamwomba auchukue. Nilimwomba kama munywani wa mume wake, akanishukuru kikwetu, "Kasinge waitu. Nitauchukua leo."

Na wanangu nimewaandikia karatasi, nikaitia sahihi mbele ya mchungaji wa hapa. Nikifa nizikwe Lindi, siku hiyohiyo, watu wachache, mlango wazi. Jeneza lisipande gari. Mkubwa wangu alikasirika: "Baba, utalala mchangani na watu usiowajua?" Nilimwambia nimewajua miaka arobaini na saba. Sikumwambia jinsi ninavyouogopa udongo huu mweupe, usio na mgomba hata mmoja.

Sijui kama huu ni uangalifu au ni ule uoga wangu wa zamani umevaa koti la tabibu. Ungekuwepo ungeniambia. Kwa kuwa hupo, nakuahidi nitahesabu kila asubuhi, nitaandika namba, na ikishuka sana sitabisha. Nakuahidi pia kwamba sitamtuma mtu mwingine mahali ninapoogopa kwenda mwenyewe.

Pumzika, Josia. Ile nusu ya punje yenye damu yangu uliimeza wewe, na umezikwa nayo kwenye kibanja cha nyumbani. Sehemu yangu ya kule imeshakaa mahali pake. Mimi sitarudi.

Nathanaeli wako