Vazi Alilolitaka Marlee

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimetoa cherehani kabatini. Halowini, usiku wa watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kuomba peremende mlango kwa mlango, imebaki wiki tatu kasoro. Boyd, miaka minne, anataka kuwa boga. Jana dinosaria, juzi trekta! Dada yake Marlee hajabadili neno tangu Agosti. "Bibi, mimi nitakuwa yule dada wa ambulensi." Ana miaka sita. Nikamwambia ninacho kitambaa cha zambarau, angependeza akiwa binti mfalme. Akanitazama.
"Binti mfalme anafanya kazi gani?"
Nikakirudisha kitambaa kabatini.

Jumapili, 20 Oktoba
Boga tayari. Pazia kuukuu la rangi ya chungwa, ndani magazeti. Akikaa, linakwaruza kama panya darini. Anacheka mwenyewe.
La Marlee ni kazi. Nimekata koti la mvua la marehemu mume wangu, Vernon — roho iliniuma — na mistari ya kung'aa nimeitoa kwenye kizibao chake cha kazini. Glovu. Tochi. Begi.
"Na kile cha kupuliza puani, Bibi."
Nimempa chupa tupu ya dawa ya mafua. Kaizungushia karatasi nyeupe, eti ndivyo ilivyokuwa. Mtoto huyu anajua ilivyokuwa!

Ijumaa, 25 Oktoba
Mwalimu wake kapiga simu. Marlee kawafundisha wenzake jinsi ya kumlaza ubavu mtu asiyeamka. Mmoja kalia. Je, siwezi kumtafutia vazi la furaha kidogo? Nikasema nitafikiri.
Vazi la furaha!
Machi mwaka huu Marlee alikuwa peke yake na mama yake, aliyezidisha vidonge, kalala sakafuni bafuni. Midomo ya mama imekuwa ya buluu. Alinipigia mimi kwanza. Mara tatu. Simu iko mkobani, mimi niko saluni chini ya mashine ya kukaushia nywele. Ndipo akapiga namba ya dharura, akaja yule dada na dawa ya kumpulizia mama puani azinduke. Hili sijamwambia mtu. Hata Shawna, mama yao, binti yangu mwenyewe, hajui.

Jumanne, 29 Oktoba
Shawna kapiga kutoka kwenye nyumba ya matibabu ya uraibu. Miezi saba hajagusa kidonge. Wamempa ruhusa Alhamisi, saa tisa mchana mpaka saa mbili usiku. Sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya vidonge. Nilikaa chini.
"Watoto watavaa nini, mama?"
"Boga. Na... binti mfalme."
Imetoka yenyewe; ningemtajiaje ambulensi?
"Marlee? Binti mfalme? Acha utani!" Akacheka sana.
Basi nikashona gauni la zambarau, mbio mbio. Limemkaa vizuri. Marlee kalivua, kalikunja, kaniwekea mapajani. Hakununa, hakulia. Afadhali angelia.

Alhamisi, 31 Oktoba
Saa kumi na moja na nusu. Shawna amefika. Mashavu yamerudi. Boyd kamrukia, boga likapasuka nyuma, magazeti sebule nzima — tumecheka mpaka machozi.
Kisha Marlee akatoka chumbani na koti lake.
 Shawna akatazama koti, begi, ile chupa. Mkono ukaenda kwenye kitasa cha mlango. Nikajua ndiyo basi, anaondoka.
"Mbona hukuniambia, mama?" akaniuliza.

Marlee kamshika mama yake kidole. "Lala hapa, mama. Nikuonyeshe. Wewe hukuona, ulikuwa umelala."
"Marlee, mwache mama," nikasema.
"Usimkataze," Shawna akasema. Akavua viatu. Akalala zuliani, mikono ubavuni.
Nimekimbilia jikoni. Naandika ili mikono iwe na kazi. Watoto wa mtaa wanagonga, wanaimba wapewe peremende. Bakuli la peremende liko huko huko sebuleni. Siwezi kupita pale. Hata magazeti ya Boyd hayakwaruzi.
Namsikia Marlee. "Usifumbue macho mpaka nikuambie."
Wanagonga tena.
Bado hajamwambia afumbue.