Cc 1300 za Selemani

Jumatano. Mvua inanyesha Kibiti tangu alfajiri, na mihogo iliyoanikwa haikauki. Juzi nilirudishwa nyumbani kutoka hospitali, nikaambiwa nile chochote ninachotamani. Nimefundisha fizikia miaka mingi. Sihitaji kufafanuliwa maana yake.

Ninachotamani si chakula. Ni akili ya Selemani.

Selemani ni fundi wa magari, Mmatumbi, mtani wangu. Kusoma nilimfundisha mimi, katika darasa la watu wazima. Serikali ilipofungua biashara ya nje na magari yaliyotumika yakaanza kuingia kutoka Japani, alinunua moja lililokufa, akalifufua. Halina pistoni. Ndani ya injini mna rota mbili za pembe tatu, zinazunguka tu.

Mwaka jana, kwenye kijiwe cha kahawa, alisema injini yake ya cc 1300 ina nguvu kama ya pistoni ya cc 2600. Watu wakanigeukia mimi.

Nilijua ni kweli. Silinda ya pistoni husukuma mara moja shafti ikizunguka mara mbili. Rota husukuma kila shafti inapozunguka. Kwa hiyo katika mizunguko miwili, zile cc 1300 zimefanya kazi mara mbili. Mimi niliyasoma hayo kitabuni. Yeye aliyajua kwa kuigeuza shafti kwa mkono, akihesabu.

Hapo ndipo wivu uliponiuma.

Nikacheka. "Mmatumbi, kibaba kimoja hakiwi viwili kwa kukizungusha."

Walicheka wote. Naye alicheka, maana mtani hanuni. Lakini tangu siku ile wakamwita Kibaba, na wenye magari wakaanza kupeleka injini zao Ikwiriri, kwa mafundi "wanaojua hesabu."

Nilijificha nyuma ya utani. Ule haukuwa utani.

Leo ameniletea uji, kama kila siku tangu nirudi. Nimemwambia yote.

"Nilijua unajua," akasema. "Ukiwa hujui kitu, Mwalimu, huwa unajibu kwa Kiingereza."

Nikamwomba msamaha.

"Humu chumbani nani alicheka? Ukaseme kulekule kwenye kahawa. Na usife kabla. Ukifa, nitalala mimi kaburini, tuone watakuzika wapi."

Kesho atanipakia kwenye gari lake. Nitasema, hata kama ni neno moja kwa pumzi moja.

Ila najijua. Njia nzima nitakuwa naisikiliza injini ile, na bado nitamwonea wivu.