Aliponiita nirudi

Waride, ngoja nikusimulie. Nimetoka kununua ile pikipiki kwa Zubeiri, pale dukani kwake Ikwiriri.

Bei kagoma kabisa kupunguza. Nikafanya vile ulivyonifundisha, nikamwambia baki nayo, nikatoka zangu.

Akaniita. "Dada, rudi." Nikasema kimoyomoyo, huyo keshalegea. Sikugeuka ng'o.

Akaita tena, sasa kwa ukali. "We dada, nasema rudi." Nikazidi kukaza mwendo ili ashuke vizuri.

Waride, bodaboda wote wa kijiweni wakasimama. Mmoja keshaokota jiwe.

Kumbe nimetoka na helmeti yake mpya kichwani, ile niliyokuwa naijaribu.

Pikipiki nimelipa bei yake ileile. Na helmeti nimeinunua, wala sikuthubutu kumwambia apunguze.