Tangazo la Kazi Lililokufungia Mlango

Mdogo wangu Shabani,

Salamu ni nyingi, lakini leo nina neno zito, acha nilitue.

Unakumbuka tulivyokwenda Kiongoroni? Ulitapika njia nzima botini, laptopu umeikumbatia ndani ya mfuko wa nailoni. Muuguzi wa zahanati alipokuona akasema, "Ala! Huyu ndiye fundi? Mpeni uji kwanza!" Ulikaa kule siku nne ukatengeneza ule mfumo wa kuagiza dawa, unaofanya kazi hata mtandao ukikatika. Hakuna aliyekutuma. Ulikuwa unajitolea tu, na mwenzio nilijiona kama nimekuzaa mimi.

Mwaka mzima ulikuja ofisini kwetu halmashauri shati umelipiga pasi, nami nakwambia, "Vumilia, nafasi itatoka." Ikatoka kweli, ya mtu mmoja wa kutengeneza mifumo. Mimi afisa utumishi ndiye niliyepewa kuandaa tangazo.

Haya sijawahi kukwambia. Sikuandika kitu, Shabani. Nilichukua tangazo la zamani la mtunza kumbukumbu, nikabadilisha jina la cheo, mengine nikayaacha yalivyo. Ndivyo tunavyofanya siku zote, ili lisirudishwe na wakubwa. Sharti la shahada nililiona. Nilijua wewe umeishia kidato cha nne, mengine umejifundisha kwenye simu pale nyumbani Mahege. Nikaogopa kuligusa, watu wasije wakasema nambeba mdogo wangu.

Ukaniuliza, "Dada, na hili la shahada?"

"Utaratibu ndio huo," nikakujibu, tena bila kukutazama.

Hukugomba. Ulinisindikiza mpaka stendi ya Kibiti kama kawaida, kumbe siku hiyo msafiri ni wewe; ukapanda basi, hukurudi tena. Nilikuchukia kwa upole wako ule. Bora ungenitukana.

Aliyeajiriwa alikaa wiki tatu akaomba uhamisho. Wa pili hakuripoti kabisa. Mfumo wako umekwama tangu masika na hakuna anayejua hata aanzie wapi. Muuguzi karudi kwenye daftari. Kila akipiga simu anauliza, "Fundi wetu hajambo?" Namwambia hujambo.

Sasa nafasi imetoka tena. Safari hii nilijitutumua, nikaifuta shahada, nikaandika awe ameshatengeneza mfumo unaotumika. Tangazo limerudishwa mezani kwangu, shahada imeandikwa upya kwa kalamu nyekundu. Jana mkubwa wangu kaja, sauti ya asali: "Huyo mdogo wako hawezi kuja kutusaidia kidogo? Kwa kujitolea tu, kama zamani?"

Nikamjibu nitakuuliza.

Sikuulizi, Shabani. Hata muuguzi akikupigia analia, usije. Kule wanakohitaji kazi yako bila kukutaka wewe, ulishamaliza. Nimelia kuandika hivi, maana najua nawanyima nani.

Nisamehe ukiweza.

Dada yako, niliyeogopa maneno ya watu