Maneno Uliyoniachia ya Kumwandikia Wifi

Kaka Haji,

Leo baada ya alfajiri nimekusomea Yasini, na nilipofunga msahafu nilikuwa nshaamua. Namwandikia wifi Pilar mwenyewe, kwa Kihispania chake.

Barua yake ya pili imefika. Jina lako limo mara nne, na alama za kuuliza zimejaa. Masikini, bado anakungoja ushuke melini. Miezi minne na siku kumi za eda zimekwisha, naye hajui kuwa ni mjane. Kosa hilo langu, kaka. Nilikuwa nasubiri nipate maneno mazuri.

Karani wa mtaani kwetu alitaka amwandikie kwa Kiingereza. "Bi Mwanahawa, hivyo vijineno vyako vitakufikisha wapi?" Nikamwambia vitanifikisha kwa wifi yangu.

Unalikumbuka lile daftari, pale barazani, uliporudi safari yako ya mwisho? Mimi nilitaka unifundishe samaki, chumvi, karibu chai. Ukacheka. "Chakula mtaonyeshana kwa kidole, dada. Imani utamwonyesha kwa kidole gani?" Ukaniandikia "creo en Dios", namwamini Mungu. "Tengo fe", nina imani. Ukasema wao nao imani wanakuwa nayo, kama mtu alivyo na mtoto. "Si Dios quiere", Mungu akipenda, ambayo mimi kila mara niliitia inshallah kwa nyuma, nisije nikapungukiwa. Na "con Dios", pamoja na Mungu, wanayoagania.

Kufa hukunifundisha. Nimepekua daftari zima, halimo.

Basi nimeandika kwa herufi kubwa, kama za mtoto wa chuoni: "Pilar. Haji con Dios. Creo en Dios. Tengo fe." Chini nikaweka tarehe uliyotutoka. Ndani ya bahasha nimekunja kofia yako, ile aliyokushonea ukingo wake ulipochanika. Ataelewa. Yeye ana dini yake nami nina yangu, lakini tumekupoteza wewe mmoja.

Asubuhi hii naipeleka posta mwenyewe. Akijibu, karani hataiona. Nitakaa na daftari lako, neno kwa neno, na maneno ya wifi nitayaandika kwenye kurasa ulizoziacha tupu, mpaka tuweze kuzungumza juu yako. Hiyo ahadi yangu.

Pumzika, kaka. Con Dios. Inshallah.

Dada yako,
Mwanahawa