Nilisahihisha Ratiba ya Ufukwe, Sasa Ndege Hawana pa Kutua

Mpendwa mshauri,

Kabla sijaomba msaada naomba ufunge mlango. Kama umekaa na wenzako, isome barua hii kimoyomoyo na usicheke, maana mtu akicheka peke yake huulizwa anasoma nini, na jibu la swali hilo linaweza kunifukuzisha kazi. Sijaandika jina langu wala la ofisi wala la mji, na hata kalamu hii si ya ofisini. Ukimaliza, ichane. Kama ni lazima uichapishe gazetini, badilisha mambo mengi, ila usibadilishe shida yenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo ninayotaka unitatulie.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, nina stashahada nzuri, na ni karani wa majaribio katika ofisi inayosimamia ufukwe wa wazi, yaani mahali watu wanapokuja kukimbia, kuogelea, kutembeza mbwa na kupigwa picha za harusi wakiwa wamevua viatu. Kazi yangu ni kuchapa. Nachapa vibali, nachapa maonyo, na kila mwisho wa mwezi nachapa ratiba ya kufunga na kufungua geti, ambayo hubandikwa ubaoni. Geti hufungwa saa kadhaa kila siku kwa ajili ya ndege wenye miguu kama vijiti, vitwitwi na sululu na wenzao, ambao hutoka nchi za mbali sana, hukaa kwetu miezi kadhaa wakila mpaka wanenepe, kisha hurudi kwao. Saa hizo hubadilika kila siku kwa sababu hufuata maji kujaa na kupwa, na karani huzitoa kwenye jedwali la maji.

Sasa mshauri, mama aliyekuwa karani kabla yangu alistaafu akaniachia faili, na nilipolifungua nikaona kila mwezi amefunga geti wakati maji yamejaa. Nikajiuliza, maji yakijaa ufukwe wenyewe unabaki ukanda mwembamba tu wa mchanga, sasa alikuwa anafunga nini? Nikasoma (mimi husoma sana, ndilo tatizo langu) kwamba ndege hawa hula kwenye tope wakati maji yametoka, nikaona wazi kwamba anayekula ndiye hapaswi kusumbuliwa, kama mtu mwingine yeyote, na kwamba yule mama alikuwa amechanganya safu mbili za jedwali kwa miaka kumi na moja bila mtu kugundua. Nikamwonea huruma. Nikamsahihisha. Sikumuuliza mtu kwa sababu niliogopa kuonekana sijui kazi, nikapeleka ratiba kwa mkuu wetu, ambaye tunamwita Bwana Lishughulikie kwa kuwa ndilo neno analoandika juu ya kila karatasi bila kuisoma, naye akaandika Lishughulikie, akasaini, nikabandika.

Watu walifurahi ajabu, kwa sababu geti sasa lilifunguliwa maji yakiwa yamejaa, wakati mzuri wa kuogelea, na kufungwa wakati kuna tope tupu linalomvua mtu viatu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu ofisi ianzishwe watu wote walitii ratiba. Pongezi zilikuja kwa barua. Bwana Lishughulikie akawaandikia wakubwa kwamba amebuni ratiba rafiki kwa umma, na ripoti hiyo nimeichapa mimi, neno "nimebuni" likiwa lake. Wifi yangu, mke wa kaka ninayeishi kwake, yumo katika kikundi cha kukimbia, akawa anarudi nyumbani akitusimulia jinsi ndege wanavyoruka mbele yao maelfu kwa maelfu, kama wanawapigia makofi.

Wiki ya tatu mlinzi wa geti akaja dirishani kwangu. Ni mzee mpole mwenye filimbi shingoni, tunamwita Mzee Filimbi, na aliniambia kwa adabu, kama anayemjulisha mtu kwamba zipu yake iko wazi.

"Binti yangu, maji yakijaa hawa ndege hawana kwingine. Wanarudi wote kwenye ule ukanda wa mchanga kupumzika. Na ndiyo saa tunayowafungulia watu."

Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye stashahada kwamba afuate ratiba. Akaenda zake, akaifuata.

Nilipobaki peke yangu ndipo nikaelewa. Maji yakitoka, tope ni pana kama mji, ndege hutawanyika na hakuna anayewafikia. Yakijaa, tope lote hufunikwa, nao hubanana kwenye ule ukanda mmoja, wengi wakisimama kwa mguu mmoja, wakisubiri meza itandikwe tena. Yule mama hakukosea hata siku moja. Mimi nilikuwa nimewafungia watu wakati ndege hawana shida nao, na kuwafungulia, wao na mbwa wao, chumba cha kulala cha ndege wakati wenyewe wamo ndani.

Hapo ningesema. Badala yake Jumamosi iliyofuata nilikwenda ufukweni nimevaa kizibao cha manjano cha mafundi wa barabara nilichokiazima, nikawaambia watu wa kwanza wenye mbwa kwamba ameonekana mamba. Nilidhani watu humkimbia mamba. Kumbe mtu mwenye simu hamkimbii mamba, humwendea. Baada ya saa moja ufukwe ulikuwa umefurika, watoto mabegani mwa baba zao, bibi harusi na shela lake, wote wakiuliza yuko wapi, na ndege wakaruka, wakatua, wakaruka tena, mpaka nikaona wengine wanatua wameachama midomo kama wakimbiaji.

Kuna mwalimu mstaafu, mama mkali, ambaye huwahesabu ndege hao kila wiki kwa hiari yake. Siku hiyo alikuwepo na darubini. Aliandika malalamiko kwamba katika maji kujaa mara moja tu ndege wamerushwa mara kumi na tisa, kwamba tangu mwezi uanze idadi yao imeshuka nusu, na kwamba mlinzi wa geti ama amelala ama amelewa. Bwana Lishughulikie, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasoma karatasi mpaka mwisho. Akaamuru Mzee Filimbi aende mbele ya kamati ya nidhamu Alhamisi ya wiki ijayo saa tatu asubuhi, kwa makosa mawili: kushindwa kudhibiti watu, na kutoripoti mamba. Mashtaka hayo nimeyachapa mimi. La mamba nililichapa mara tatu, kila mara nikikosea herufi.

Na bado sijafika kwenye kinachoninyima usingizi. Jana mzee alikuja tena dirishani, safari hii kuniomba nimwandikie barua ya kujieleza, kwa sababu mimi ndiye mwenye kalamu tamu pale ofisini. Nikamuuliza niandike nini. Akatazama huku na huku.

"Andika nilizidiwa na watu. Habari ya ratiba tusiiguse, wewe bado uko kwenye majaribio."

Amebakiza miaka miwili astaafu, mshauri, na anajua, na alikuwa anajua siku zote. Naomba msaada wako. Nimefikiria kurekebisha ratiba ya mwezi ujao kimyakimya, ndege wapate nafuu na mimi nipone. Nimefikiria kuiandika barua yake vizuri kiasi kwamba kamati itamsamehe yenyewe bila mimi kutajwa. Nimefikiria kusema, nikaishia kukuandikia wewe. Nifanye lipi?

Kunipata: usipige simu ya ofisini, huipokea Bwana Lishughulikie mwenyewe kwa kuwa anaipenda sauti yake. Usiandike nyumbani, wifi hufungua bahasha zote, hata za bili ya umeme. Weka jibu kwenye bahasha ya kahawia isiyo na jina, mpe muuza magazeti aliye mkabala na duka la vioo, mwambie ni ya dada anayesoma gazeti kuanzia nyuma. Atanijua. Kama hayupo, tafadhali usimwachie mke wake.

Wako katika hofu,
Karani wa Majaribio

JIBU

Karani wa Majaribio,

Mlango nimefunga, na nimecheka, samahani. Nimeacha kucheka nilipofika pale mzee alipotazama huku na huku. Bahasha ya kahawia sipeleki. Nimeziruka barua kumi na mbili za ndoa ili jibu lako litoke gazetini kabla ya Alhamisi, na nimebadilisha mambo ya kutosha hata wifi yako akiisoma atakusimulia wewe kama habari ya mtu mwingine. Mamba tu nimemwacha, nimekosa wa kumlinganisha naye.

Kwanza nikupe pole, maana umeteseka na una moyo mzuri. Mwenye moyo mbaya angelichapa la mamba mara moja tu. Pole imeisha. Kutojua habari za maji si dhambi, binti yangu. Lakini kusahihisha usilolijua bila kuuliza ni kiburi kilichovaa miwani. Yule mama amestaafu, hajafa. Ungempigia simu angekujibu huku anamenya vitunguu.

Habari ya "mwezi ujao" ifute kabisa. Ndege hao wana safari ya kuvuka nchi na nchi, na masurufu yao wanayabeba mwilini, ni yale mafuta wanayoyaweka kwa kula. Kila wifi yako anapopigiwa makofi, masurufu yanapungua. Ratiba yako nzuri ya mwezi ujao itawasaidia nini wale watakaoishiwa nguvu juu ya bahari? Wanataka kulala leo, maji yakijaa leo.

Kwa hiyo chapa ratiba sahihi sasa hivi, gazeti likiwa bado mkononi. Ichukue ya yule mama na yako ile mbovu, uingie kwa mkuu wako kabla hajanywa chai, useme: "Nilichanganya safu za jedwali, kosa ni langu, hii hapa sahihi, naomba usaini ibandikwe kabla maji hayajajaa." Kisha nyamaza. Waoga huharibu ungamo lao kwa maelezo. Atakumbuka neno "nimebuni" na jasho litamtoka hata kama feni inazunguka; usimkumbushe wala usimtishe, mtu aliyesaini bila kusoma hujitisha mwenyewe. Akikataa, usibishane. Peleka barua yako masijala, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala kwa katibu wa kamati, nakala kwa mwalimu mstaafu. Na huyo mwalimu acha kumwogopa. Mtu aliyehesabu mara kumi na tisa ana daftari lenye tarehe na saa, na daftari hilo likilazwa kando ya ratiba yako, hata mwenyekiti anayesinzia ataona kilichotokea. Kamwombe alilete. Na mwambie amtake radhi mzee kwa lile neno la ulevi.

Barua ya kujieleza ya mzee usiiandike. Uongo wenye koma mahali pake bado ni uongo, na huu ungemgharimu yeye. Andika yako, ukurasa mmoja, bila "kwa masikitiko makubwa". Na mamba ni mwanao, mzike wewe mwenyewe kwa maandishi: hakuwepo, nilimzua, nilitaka watu waondoke. Watacheka. Wacha wacheke, kicheko hakijawahi kumfukuzisha mtu kazi mara mbili.

Je, utafukuzwa? Inawezekana, sitakudanganya. Ila wewe una miaka ishirini na minne na stashahada, na mzee ana miaka miwili na filimbi. Pima mwenyewe ni nani anayeweza kuanza upya. Na usijifariji kwamba yeye mwenyewe amekubali. Amekubali kwa sababu alikuona mtoto. Umri wako umeutaja mwenyewe kwenye barua, na si wa mtoto.

Wifi yako mwambie kikundi kikimbilie barabarani maji yakijaa. Akinuna, anune; jasho la barabarani ni lile lile.

Halafu Alhamisi fika saa mbili na nusu, usisubiri kuitwa. Nje ya vyumba vya kamati huwa kuna benchi, na mzee atakuwa amekaa mwisho wake, shati limepigwa pasi. Kaa karibu naye. Mwambie pale pale kwamba umeshasema kila kitu, asije akaingia ndani akakutetea. Mlango ukifunguliwa wakataja jina lake, simama wewe kwanza.